Naombeni ushauri: ukoo wa Esposito wa Napoli, tumekwama kwa babu aliyeachwa mchanga

Habari zenu ndugu zangu. Mume wangu ni Mwitaliano wa Napoli, jina la ukoo Esposito. Baba mkwe anaumwa, na anatamani kujua asili yao kabla hajafumba macho.

Jina linatokana na Kilatini, expositus, yaani "aliyewekwa nje". Huko Napoli jina hili walipewa watoto walioachwa kwenye gurudumu la nyumba ya Annunziata, iliyolea watoto waliotupwa: kasha la mbao linalozunguka ukutani, mama anamlaza mtoto upande wa barabarani, ndani anapokelewa bila watu kuonana. Lilifungwa 1875.

Tunacho cheti cha babu mzee wa ukoo huu, cha 1868. Penye wazazi: hawajulikani. Chini yake, kwa mwandiko uliofifia, imeandikwa kwamba mtoto alivishwa shingoni nusu ya medali. Baadhi ya kina mama walibaki na nusu ya pili, ili siku wakirudi wamtambue mwanao. Na mimi ni mzazi. Niliposoma pale nilishindwa kuendelea.

Antenati, tovuti ya bure ya nyaraka za Italia, tumeipekua hadi hapo. Kuna aliyewahi kufuatilia vitabu vya Annunziata vyenyewe, walimoandikwa watoto hao? Tuombe vipi? Na kipimo cha DNA kinafaa kweli, maana Esposito ni wengi mno na wala si damu moja?

Zaidi ya yote: mzee anaamini wao ni uzao wa mabaharia. Nimwambieje?