Naomba ushauri: nisaini mkataba wa kuandika riwaya ya ulimwengu wa wengine?

Wakuu, habari zenu. Naishi Marekani, naandika hadithi za kisayansi kwa Kiingereza. Kampuni moja ya michezo ya kompyuta inataka niwaandikie riwaya yenye wahusika wa mchezo wao. Mchezo wenyewe naupenda tangu nikiwa kidato cha pili, na sura tatu za mwanzo nimeshazipanga kwenye daftari.

Kinachoninyima usingizi ni ukurasa wa nne wa mkataba. Hakimiliki yote ni yao, hata wahusika nitakaowabuni mwenyewe ni wao, na malipo ni ya mkupuo, hakuna mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa. Namfikiria Alan Dean Foster. Ndiye aliyeandika riwaya ya filamu ya kwanza ya Star Wars, ikatoka 1976 ikiwa na jina la George Lucas, mwenye filamu, kwenye jalada. Mwaka 2020 alilalamika hadharani kwamba hapati mrabaha wake tangu Disney iinunue Lucasfilm, kampuni ya Star Wars. Na yeye mrabaha ulikuwemo kwenye mkataba! Tena 2014 riwaya nyingi za Star Wars zilitangazwa kuwa si sehemu rasmi ya hadithi. Niliumia sana kwa ajili ya waandishi wale.

Mke wangu anasema nisaini, jina litajulikana. Je, nikiomba walau asilimia 2 ya mauzo, wataniacha wamtafute mwingine? Na kwa kitabu kimoja tu, kuna haja ya kutafuta wakala wa kunijadilia mkataba? Wananisubiri hadi Ijumaa.