Elimu ya uhandisi wa umeme: nini kimebadilika tangu enzi za wazee wetu?

Swali (mwanafunzi, Dodoma)
Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa pili wa uhandisi wa umeme. Baba yangu mdogo, aliyesomea fani hii mwishoni mwa miaka ya 1970, alifungua madaftari yangu akakuta uandishi wa programu umechukua kurasa nyingi kuliko transfoma na mota, akaniuliza kama kweli nasomea umeme. Ni kipi cha zamani ambacho sisi tumekikosa?

Jibu la mhandisi mstaafu
Marahaba, mwanangu. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973, na bwawa la Kidatu likaanza kuzalisha umeme mwaka 1975, kwa hiyo masomo yetu yalielekea huko: mitambo mikubwa, nyaya ndefu, mota za kusuka kwa mkono. Baadhi yetu tulikokotoa kwa rula telezi, kifaa cha hesabu chenye kipande kinachoteleza, ambacho hukupa, kwa mfano, tarakimu 2, 3 na 5 bila kukuambia kama jibu ni 2.35, 23.5 au 235. Nukta uliiweka mwenyewe, hivyo ilikulazimu kukadiria jibu kichwani kabla ya kuigusa rula. Hilo ndilo mlilolikosa. Kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo aliwahi kuniletea ampia 150 kwa mota ya kilowati 7.5 ya fezi tatu, volti 400, kwa kuwa kompyuta ilisema hivyo, ilhali kila kilowati ya mota kama hiyo huvuta takriban ampia mbili, yaani jibu lilikuwa kama 15.

Jibu la mhandisi wa vituo vya kupoza umeme
Nakubaliana na mzee kuhusu kukadiria, lakini programu hazikuingizwa kwenye mtaala kwa kufuata mkumbo. Relei ya zamani, yaani kifaa kinachoamuru umeme ukatwe hitilafu inapotokea, ilikuwa na kisahani kilichozunguka mkondo ulipozidi, nawe ulikiona kwa macho. Ya leo ni kompyuta ndogo inayopima, kuamua na kuwasiliana na nyenzake. Hata treni inayofika hapa Dodoma tangu 2024 hupokea kilovolti 25, na mwendo wa mota zake huongozwa na elektroniki. Asiyejua programu atavibadilisha vifaa hivyo, lakini hatavielewa.

Mwuliza swali
Asanteni sana. Jana nilikadiria mota ya pampu ya kisima cha mtaani kwetu, kilowati 4, nikapata ampia 8. Kibao chake kinasomeka 8.1.