Mshale wa geji ya joto hauinuki: ni geji, sensa au waya?

Mleta mada:
Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri kuhusu pikipiki yangu ndogo ya cc 150, inayopozwa kwa maji na kutumia kabureta. Kwa wiki mbili sasa mshale wa geji ya joto umelala kwenye C (baridi) hata baada ya kuendesha nusu saa, isipokuwa mara mojamoja ninapopita kwenye matuta, ambapo hushtuka, ukapanda hadi katikati, kisha ukaanguka tena. Geji ya mafuta inasoma vizuri, na maji yako kwenye alama. Fundi amenishauri ninunue mita nzima, jambo ambalo sitaki kulifanya kabla sijajua ugonjwa uko wapi. Sensa yake, yaani kihisi cha joto kilichofungwa kwenye injini, ni ya waya mmoja.

Mchangiaji wa 1:
Ndugu mleta mada, kabla ya kuituhumu geji, hakikisha kwanza kwamba haisemi kweli. Themostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto) iliyokwama wazi huyaachia maji yazunguke kwenye rejeta tangu injini ikiwa baridi, na injini huchelewa sana kupata joto. Washa injini asubuhi, kisha uguse kwa tahadhari mpira unaopeleka maji ya moto kwenye rejeta. Themostati ikiwa nzima, mpira huo hubaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu hupata moto kwa mara moja maji yanapofika nyuzi 80 hivi. Ukianza kupata uvuguvugu tangu mwanzo, achana na nyaya.

Mchangiaji wa 2:
Ushauri wa hapo juu ni mzuri, lakini mshale unaoshtuka kwenye matuta unanielekeza kwenye umeme. Sensa ya aina hiyo ina ukinzani (uzuiaji wa umeme) unaopungua kadiri joto linavyopanda. Umeme hutoka kwenye geji, ukapita kwenye waya hadi kwenye sensa, na kurudi kupitia chuma cha injini. Njia hiyo ikikatika popote, geji huona ukinzani mkubwa mno na kudhani injini ni baridi.

Chomoa waya kwenye sensa, fungua swichi bila kuwasha injini, halafu gusisha ncha ya waya kwenye chuma safi cha injini kwa sekunde moja au mbili tu, maana ukiuacha hapo muda mrefu unaweza kuunguza geji. Mshale ukipanda kuelekea H (moto), geji na waya ni vizima. Usipopanda, anza kufuatilia waya, hasa pale unapojikunja karibu na usukani. Wenye pikipiki za mfumo wa sindano za mafuta (zisizo na kabureta) na mita ya kidijitali wasilifanye jaribio hili bila kusoma kitabu cha pikipiki yao.

Mchangiaji wa 3:
Yangu ilikufa zamani na sijawahi kuhangaika nayo. Mimi nasikiliza feni tu. Ikiwaka, najua injini imepata moto.

Mchangiaji wa 2:
Ndugu yangu, hapo unajiweka pabaya. Swichi ya feni nayo inahitaji kuzamishwa kwenye maji ndipo ihisi joto. Maji yakivuja yote, inaweza kubaki hewani, feni isiwake, nawe ukaendelea kusikiliza kimya huku injini ikiungua.

Mleta mada:
Asanteni sana. Mpira ulibaki baridi, kisha ukapata moto ghafla, kwa hiyo themostati ni nzima. Nilipogusisha waya kwenye injini, mshale ulipanda wote. Je, sasa ninunue sensa?

Mchangiaji wa 2:
Bado. Pima ukinzani kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) kati ya ncha ya sensa na mwili wake wenyewe, kisha kati ya ncha hiyo hiyo na chuma cha injini. Vipimo hivyo viwili vinapaswa kulingana. Na samahani kwa swali hili: kuna mtu aliyeifungua sensa hiyo hivi karibuni?

Mleta mada:
Mkuu, mtu huyo ni mimi. Nilipobadilisha maji, sensa ilikuwa ikivuja kidogo, nikaizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, tena mizunguko mingi ili nisirudie kazi. Leo nimepima kama ulivyoelekeza: kwenye mwili wake sensa inasoma, lakini kwenye injini multimita haioni kitu, na nikiitikisa sensa kwa kidole namba zinatokea na kupotea. Kumbe tepu ndiyo iliyokuwa ikikata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha injini.

Nilisubiri injini ipoe kabisa ndipo nikafungua kifuniko cha rejeta. Nilitoa sensa, nikasugua hesi zake (mikato ya kufungia) kwa brashi ya waya hadi shaba ikang'aa, nikaweka washa mpya ya shaba na kuikaza kwa kiasi, kwa kuwa shingo yake ni nyembamba. Kabla ya kuirudisha niliitumbukiza kwenye maji yanayochemka, ncha ya umeme ikiwa juu, na ukinzani ulishuka taratibu bila kurukaruka. Baada ya kujaza maji na kutoa hewa, mshale ulipanda wenyewe hadi katikati na kutulia hapo, na matutani hautikisiki tena.

Mchangiaji wa 1:
Hongera. Kagua kiwango cha maji tena kesho injini ikiwa baridi, kwa sababu hewa iliyobaki ndani hutoka baadaye na maji hushuka.