Nyie mnaoita watu "twende tukagundue njia mpya" milimani bila maandalizi, acheni kabla hamjaua mtu

Wakuu, salaam. Naufungua uzi huu nikiwa na hasira na sitapunguza makali. Kila wikiendi ndefu ikikaribia, makundi ya WhatsApp ya waendesha baiskeli wa Dar, Moshi na Arusha yanajaa tangazo lilelile: Lushoto, njia mpya, kilomita 32, wote mnakaribishwa, beba maji. Basi. Hakuna jina la kijiji hata kimoja, hakuna jumla ya mita za kupanda, hakuna anayeulizwa baiskeli yake ikoje. Watu wanafika Mombo chini ya milima ya Usambara, wanapanda Soni, wanaingizwa kwenye vijia ambavyo hata aliyewaita hajawahi kuvikanyaga, halafu likitokea la kutokea kila mtu anasema "ni milima, ndivyo ilivyo". Si kweli. Mengi yanayoharibika huko yanajulikana kabla gurudumu halijazunguka.

Nianze na hili linaloniudhi kuliko yote: faili za GPX (faili za njia ya kufuata kwenye simu) za kuchora. Mtu anakaa nyumbani, anafungua ramani, anaunganisha vistari viwili vilivyo pande mbili za bonde, anasambaza faili kama njia iliyopandwa. Ramani nyingi za vijijini kwetu zimechorwa kwa kutazama picha za setilaiti. Ndani ya msitu wa Magamba miti imefunga juu, kijia hakionekani, na mchoraji amekisia. Nje ya msitu, kijia cha mwaka juzi leo ni shamba la kabichi, au kinaishia kwenye chemchemi ya kuchotea maji na hakuna pa kutokea. Kukagua hakuhitaji utaalamu. Fungua faili kwa programu ya kawaida ya maandishi. Njia iliyorekodiwa kweli ina nukta nyingi zilizosongamana, na kila nukta hubeba tarehe na saa. Iliyochorwa haina saa, au nukta zake zimeachana kwa mistari iliyonyooka ambayo hakuna kijia cha mlimani kinachoifuata. Zipo programu zinazofuta saa mtu anaposhirikisha njia, kwa hiyo ukikuta saa haipo muulize mwenye faili: ulipita lini, kwa upande gani, mvua ilikuwa imenyesha? Akianza kujiumauma, achana nayo.

Na hiyo "kwa upande gani" ina uzito. Kijia kinachoshukika kwa raha kinaweza kuwa saa mbili za kusukuma baiskeli kwa mkono ukikigeuza.

Pili, hesabu ya muda. Kilomita 32 za lami na kilomita 32 za vijia ni vitu viwili tofauti. Chukua saa 1 kwa kila kilomita 10, ongeza saa 1 kwa kila mita 500 za kupanda, kisha kwa kuwa njia ni ngeni ongeza theluthi ya jumla. Kilomita 32 zenye mita 1,100 za kupanda: 3.2 jumlisha 2.2 ni 5.4, na theluthi yake juu, unapata saa 7 na dakika 12. Sasa nyie mnaosema tukutane saa 2 asubuhi, mkaanza kupanda saa 5 kwa sababu wengine wanakunywa chai na mmoja anafunga pedeli, hesabu yenu inaishia saa 12 na dakika 12 jioni, na hapo hakuna pancha hata moja. Jua la Lushoto huzama kati ya saa 12:20 na 12:50 jioni mwaka mzima, na giza letu halibembelezi, dakika ishirini huoni jiwe. Tangazeni saa ya kugeuza kabla ya kuondoka. Ikifika, hata kama mmebakiza "kilima kimoja tu", mnarudi kwa njia mliyokuja nayo. Taa ibebwe na kila mtu, hata kama safari ni ya asubuhi. Simu si taa, ile betri ndiyo ramani yenu. Pakua ramani mapema, weka simu kwenye hali ya ndege na beba chaja ya akiba.

Tatu, kuacha watu nyuma. Hili si uzembe, ni ukatili. Wenye miguu wanatangulia, wanasubiri juu ya kilima dakika kumi, na mwenzao wa mwisho akifika tu wao wanaondoka. Waliopumzika ndio waliokuwa hawajachoka! Kwenye njia ngeni utaratibu ni huu: kiongozi yuko mbele, na nyuma kabisa kuna mfunga msafara, ambaye hakuna mtu yeyote anayebaki nyuma yake. Kila njia panda, anayemfuata kiongozi anasimama hapohapo, anaelekeza wanaokuja, haondoki mpaka amwone mfunga msafara kwa macho yake. Siyo kupiga kelele "kushoto!" ukaendelea. Watu wasizidi 8. Wakizidi, gawanyeni makundi mawili, kila moja na vifaa vyake. Mfunga msafara awe fundi wenu mzuri kuliko wote, maana baiskeli zinazoharibika huachwa nyuma na si mbele.

Sasa vifaa, na hapa nitakaa. Kitu kinachokatisha safari nyingi ni kipande cha alumini kidogo kuliko kiberiti: henga, kinachoshika mkono wa gia wa nyuma (ule unaohamisha cheni) kwenye fremu. Kimetengenezwa kiwe laini makusudi ili kipinde badala ya fremu kuvunjika. Baiskeli ikiangukia upande wa kulia, henga inapinda kwa ndani kiasi ambacho jicho halioni. Mwenye nayo anainuka, anaendelea, anafika kwenye mwinuko mkali, anaweka gia nyepesi kabisa, na mkono wa gia unaingia kwenye spoku. Hapo umepoteza mkono wa gia, henga, spoku kadhaa na pengine cheni. Kwa hiyo baada ya kila kuanguka upande wa kulia, inua gurudumu la nyuma, zungusha pedeli kwa mkono, panda gia moja moja ukitazama nafasi kati ya kizimba (sehemu ya mkono wa gia inayopitisha cheni) na spoku. Dakika moja tu. Henga haiazimwi, karibu kila fremu ina yake, ukiondoa fremu mpya za mtindo wa UDH, henga ya aina moja kwa fremu nyingi, ulioletwa na kampuni ya SRAM mwaka 2019. Kila mtu abebe ya kwake. Cheni nayo: kiungo cha kuungia cheni ya gia 11 hakifai kwenye cheni ya gia 12, na kifaa cha kukatia cheni kiwepo angalau kimoja kwenye kundi.

Miba. Mkishuka kutoka ukingo wa Irente hadi tambarare ya Mazinde, takriban mita 1,000 chini, mnatoka kwenye udongo mwekundu wa ubaridi mnaingia kwenye migunga. Wenye tyubulesi (tairi zisizotumia tyubu) wanajiamini mno. Tairi ya inchi 29 kwa 2.3 inataka mililita 100 hadi 120 za dawa ya kuzibia, na kwenye joto letu hiyo dawa hukauka ndani ya miezi 2 au 3, inabaki utando mkavu usioziba kitu. Tikisa gurudumu karibu na sikio; kama hausikii maji, hakuna dawa. Ikishindikana ukataka kuweka tyubu, kwanza pitisha vidole polepole ndani ya tairi yote. Dawa ilikuwa imeziba miba kumi bila wewe kujua, na yote bado imo humo ikisubiri tyubu yako. Nati ya valvu ya tyubulesi mara nyingi imeganda, vidole haviifungui, hivyo koleo dogo liwemo. Tyubu ya 27.5 unaweza kuinyoosha ikakaa kwenye 29 kwa dharura; ya 29 kwenye 26 hujikunja na kubanwa. Na wenye valvu nyembamba, bebeni kile kiunganishi kidogo cha shaba, pampu ya fundi wa bodaboda kijijini inaingia kwenye valvu nene tu.

Breki kwenye mteremko huohuo: mkizikokota kutoka juu mpaka chini, pedi zinaungua juu zinakuwa kama kioo, mafuta ya breki yaliyozeeka yanachemka, mkono wa breki unafika kwenye usukani na baiskeli haisimami. Bana kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, bana tena. Simameni zipoe. Pedi ikibaki chini ya milimita 1 ya nyama, ibadilishwe nyumbani. Wenye breki za raba, rimu ikipata moto sana inapasua tyubu.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, msiite mtu kabisa kwenye ule udongo mwekundu. Unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma, mtu anakanyaga kwa hasira, henga inakatika. Na mkiburuza gurudumu la nyuma kwenye kona, mnachimba mfereji, mvua inayofuata inapita humo, na kijia cha watu kinageuka korongo. Ile ni njia ya mama mwenye kuni kichwani na watoto wa shule. Mkikutana nao, shukeni, salimieni, wapisheni upande wa chini. Msikatize matuta ya mashamba.

NYONGEZA: nimesoma majibu ya wanaosema nawatisha wageni. Nawatetea wageni, kwa sababu wao ndio hawajui waulize nini. Hifadhi za misitu zina vibali, vishughulikiwe kabla ya safari, na kwenye vijiji ripotini kwa mwenyekiti. Siku mtu akipotea ndiye atakayewapa vijana wa kumtafuta. Aliyeumia shingo au mgongo hapakizwi kwenye bodaboda, msimsogeze, pigeni 112, au 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Mjue mapema mtandao upi unashika wapi.

Tangazo lolote la safari liwe na mita za kupanda, tarehe ambayo njia ilipitwa mara ya mwisho, saa ya kugeuza, idadi ya watu na jina la mfunga msafara. Wasimamizi, lisilo na hayo naomba mlifute.