Nataka vikundi ambavyo kila mwanachama amelipa, SQL inanipa hata vyenye wadaiwa

nyar_dunga
Wadau, naomba ushauri. Natunza data ya vikundi vya akina mama wauza samaki hapa Kisumu, kuanzia Dunga hadi Kondele. Kwenye PostgreSQL (hifadhidata inayoulizwa kwa lugha ya SQL) nina majedwali matatu: vikundi, wanachama na michango. Mkopo hupewa kikundi ambacho kila mwanachama amelipa mchango wa mwezi wa sita. Nimeyaunganisha kwa JOIN (inayooanisha mistari ya majedwali) na kuweka sharti WHERE m.mwezi = 6, lakini kikundi chenye mlipaji mmoja tu nacho kinatokea. Orodha hii ndiyo inayoamua nani atapata mtaji, kwa hivyo sitaki kubahatisha.

fundi_kakamega
Dada, asiyelipa hana mstari wowote kwenye michango, kwa hivyo JOIN imeshamtoa kabla hujamuulizia. Ligeuze swali: tafuta kikundi kisicho na mwanachama asiye na mchango.

```
SELECT k.jina FROM vikundi k
WHERE NOT EXISTS (
  SELECT 1 FROM wanachama w
  WHERE w.kikundi_id = k.id
  AND NOT EXISTS (
    SELECT 1 FROM michango m
    WHERE m.mwanachama_id = w.id
    AND m.mwaka = 2025
    AND m.mwezi = 6));
```

Mwaka usiuache, la sivyo Juni ya mwaka jana itawafunika wadaiwa wa sasa. Na usijaribu NOT IN hapo: mwanachama_id ikiwa NULL (yaani haina thamani) kwenye mstari mmoja tu, unaweza kupata majibu ya ajabu kabisa.

data_nakuru
Ya fundi ni sahihi, ila mimi napenda HAVING (sharti juu ya hesabu ya kila kundi) kwa sababu naona hesabu yenyewe. Anza na wanachama, LEFT JOIN michango (inabakiza hata wasio na mchango), GROUP BY kikundi, kisha:

```
HAVING COUNT(DISTINCT w.id)
     = COUNT(DISTINCT m.mwanachama_id)
```

Masharti ya mwaka na mwezi yakae kwenye ON, yaani sehemu ya JOIN inayosema mistari ioane vipi. Ukiyapeleka WHERE, wasiolipa wanapotea tena. DISTINCT (kumhesabu kila mtu mara moja tu) nayo ni ya lazima, maana kuna wanaolipa kwa awamu na jina moja likawa na mistari miwili.

nyar_dunga
Asanteni sana. Ya fundi imekubali, lakini kuna kikundi kipya cha Nyalenda ambacho hakijasajili mtu hata mmoja, nacho kimetokea. Na hao wa awamu, aliyelipa nusu si anahesabiwa amelipa?

fundi_kakamega
Ndiyo, kote kuwili. Pasipo mwanachama hapana mdaiwa, basi ongeza AND EXISTS ya wanachama wa kikundi hicho. Kwa awamu, ndani kabisa weka GROUP BY m.mwanachama_id na HAVING SUM(m.kiasi) isiyopungua mchango mliokubaliana.

nyar_dunga
Naijaribu sasa hivi na kikundi kimoja ambacho daftari lao ninalo hapa mezani.