Mrejesho: kuhusu yule nguruwe mdogo

Mwezi uliopita niliwauliza iwapo nimfuge nguruwe wa kimo kidogo katika nyumba yangu ya kupanga hapa Kasarani. Nilikwenda kumwona: alienea kwenye viganja viwili, na muuzaji akaniapia kwamba hatazidi sana hapo. Nilipomweka sakafuni alianza papo hapo kufukua zulia kwa pua, nami nikakumbuka maua ya mwenye nyumba, ambaye huvumilia hata paka kwa shingo upande. Daktari wa mifugo alicheka, kisha akanieleza kwamba nguruwe hao huendelea kukua kwa miaka 3 au zaidi, wengi wakifika kilo 30 hadi 60, na huweza kuishi miaka 15. Isitoshe, homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba. Sikumchukua, ingawa wanangu bado wamenuna.