Msaada wa R: kolamu zinazoanza na "uzito_m" zimeniletea mtoto wa kilo 94

BintiTakwimu: Wakuu, habari za jioni. Natumia R (lugha ya kompyuta ya takwimu). Nina jedwali la kliniki, watoto 312, kila mtoto mstari mmoja. Kuna uzito_m1 mpaka uzito_m12 (kilo za kila mwezi), na urefu_m1 mpaka urefu_m12. Nataka kila mtoto awe na mstari wa kila mwezi. Nimeandika:

`pivot_longer(kliniki, starts_with("uzito_m"), names_to = "mwezi", values_to = "kilo")`

Nilitegemea mistari 3,744, imekuja 4,056. R haijalalamika popote. Kuchora grafu, kuna "mtoto" wa kilo 94! Ripoti ni keshokutwa jamani.

Kipimajoto: 4,056 gawa kwa 312 ni 13. Kuna kolamu ya ziada imejipenyeza. Piga names(kliniki) uangalie.

BintiTakwimu: Yarabi! uzito_mama.

FundiJedwali: 😂 Pole dada. Ingekuwa uzito_maoni yenye maneno, R ingegoma kuchanganya namba na maandishi, ungeshtuka mapema. Uzito wa mama ni namba, ukapita kimyakimya. Badala ya starts_with weka:

`matches("^uzito_m[0-9]+$")`

^ ni mwanzo wa jina, [0-9]+ ni tarakimu moja au zaidi, $ ni mwisho. Ukiisahau $, hata uzito_m3_zamani itaingia.

MzeeWaKodi: Mimi na hivyo vialama hatuelewani. num_range("uzito_m", 1:12) inachukua uzito_m1 mpaka uzito_m12 tu, inamaliza kazi. Kama majina ni m01, m02, ongeza width = 2.

BintiTakwimu: Asanteni. Na urefu je? Nirudie kivyake halafu niunganishe?

FundiJedwali: Usijitese, zinakwenda pamoja:

```
pivot_longer(kliniki,
  matches("^(uzito|urefu)_m[0-9]+$"),
  names_to = c(".value", "mwezi"),
  names_pattern = "(uzito|urefu)_m([0-9]+)",
  names_transform = list(mwezi = as.integer))
```

Mabano ya kwanza yanakamata uzito au urefu, na .value inasema hicho kipande kibaki kuwa jina la kolamu. Mabano ya pili ni mwezi. Hiyo as.integer usiiache: mwezi ukibaki maandishi, kwenye grafu wa 10 unakaa kabla ya wa 2.

BintiTakwimu: 3,744 kamili! Mzito kuliko wote sasa ana kilo 11.8. Ila uzito_mama inajirudia kila mstari wa mtoto wake, niifute?

Kipimajoto: Iache. Bosi akiuliza kama uzito wa mama unaendana na wa mtoto, utaihitaji.